Miezi minane na Linux Mint kwenye steshenari yangu Mabibo

Nina steshenari Mabibo, Dar es Salaam, hatua chache kutoka hosteli ya wanafunzi. Tunachapa, tunatoa kopi, tunaskani, tunawajazia watu maombi ya mkopo na ya ajira, na msimu wa ripoti za mafunzo kwa vitendo foleni inafika nje. Kompyuta ninazo tatu, zote mtumba. Moja kati ya hizo sasa ina miezi minane inatumia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows. Mdogo wangu anayesomea mambo ya kompyuta ndiye aliyeniwekea, baada ya kuniuliza mara nyingi swali lilelile: dada, kwa nini mnang'ang'ania mfumo unaowatesa hivi?

Mateso anayoyasema nayajua vizuri. Mwaka jana, mwezi wa nne, mteja alileta flashi, nikaichomeka, mafaili yake yote yakawa njia za mkato zisizofunguka. Muda si mrefu na ya kwangu yakafuata: mikataba ya pango, barua za serikali za mtaa, kadi za harusi, kazi ya miaka minne. Nilibeba mashine hadi Kariakoo, fundi akanipigia windo upya, yaani akaweka Windows kuanzia mwanzo, kwa nakala isiyo na leseni, na wiki tatu baadaye virusi walikuwa wamerudi. Kupiga windo kwangu ilikuwa bajeti kama luku. Halafu Microsoft, watengenezaji wa Windows, wakafunga rasmi huduma ya toleo nililokuwa nalo, Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, na toleo linalofuata linadai kichipu cha usalama cha TPM 2.0, ambacho mashine zangu hazina.

Kwa hiyo nikakubali kujaribu. Faili la Mint lina karibu GB 3, alilishusha chuoni ili asile bando langu. Kilichonipa moyo ni kwamba unaliweka kwenye flashi, unaliwasha hapohapo na kulitumia kabla hujagusa chochote kilichomo kwenye diski. RAM inayopendekezwa ni GB 4, na mashine yangu inazo hizo nne tu. Haikupita nusu saa ikawa tayari. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo la Ubuntu ni ndugu wa neno letu utu. Nililipenda kabla hata sijalitumia.

Kasi niliiona siku ileile. Mashine iliyokuwa ikiniachia muda wa kuchemsha chai sasa inawaka kabla sijafungua dirisha la duka. Flashi zenye virusi vile naziona zilivyo: faili halisi lililofichwa na lile la uongo pembeni yake, nafuta la uongo, namrudishia mtu kazi yake. Kuna binti alilia akidhani ripoti yake imepotea usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Ilikuwapo yote.

Lakini duka si langu peke yangu, ni la wanaoingia. Kijana wangu wa kazi anapanga picha za pasipoti nane kwenye karatasi moja kwa Photoshop huku anaongea na mteja, na Photoshop haina toleo la Linux. Nilimwekea GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Alijitahidi wiki nzima, kazi ya dakika mbili ikawa dakika kumi, na wateja wakahamia duka la pili. Mama mmoja alileta kadi ya mchango iliyotengenezwa kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa. Ilifunguka, ila maandishi yalikuwa yamepandana. Mashine yangu kubwa ya kopi nayo ni ya zamani, sikuipatia draiva, ile programu ya kuiwezesha kuelewana na kompyuta.

Kisha kikaja kilichoniuma zaidi. Nilinunua kidude cha Wi-Fi cha bei rahisi, kompyuta haikukitambua, na mdogo wangu alikuwa Mtwara. Fundi wa mtaa wa pili alitazama skrini akasema, "Hii siyo windo dada, sitaigusa." Nilikaa siku mbili bila intaneti katikati ya msimu wa mikopo, mpaka mdogo wangu aliponisomea amri kwa simu, herufi kwa herufi.

Yeye husema watu wanabaki kwenye mfumo msumbufu kwa uvivu. Nakataa kabisa. Mfumo ule ukiniharibikia, mteja aliyesimama kwenye foleni ananiambia bonyeza hapa. Dereva wa bodaboda anajua. Matatizo yake yana wenyewe mtaa mzima. Hata jina limemezwa: nilipoweka Linux, jirani alikuja kuniuliza nani kanipigia windo. Mtu akiacha mfumo huo anaacha na hao wote, na gharama hiyo haionekani ukisema Linux ni ya bure.

Lugha pia nimeifikiria. Mwaka huohuo wa 2004, hapo juu Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kazi kubwa ile, na inaniuma kuona ni wachache wanaoikumbuka. Wanaokuja kwangu wamefundishwa kompyuta kwa maneno ya Kiingereza na kwa vitufe vya programu moja, cheti cha kozi kimeandikwa jina lake, na tangazo la kazi linaitaja. Ukimwonyesha "hifadhi" badala ya "Save" anatafuta mahali alipozoea.

Kwa sasa Mint inabaki kwenye kompyuta ya mlangoni. Kila flashi inapita pale kwanza, na tangu hapo zile mbili nyingine hazijarudi Kariakoo. Uchapaji wa kawaida na maombi ya mtandaoni navifanya humo kwa raha. Kwa mwenye mashine ya GB 4 anayeandika na kuperuzi, naisifu bila wasiwasi.

Juzi mwanafunzi aliiona, akataka nimwekee na yeye. Nikamuuliza kama hosteli kwao yupo mwingine anayeitumia. Akasema wapo wawili, mmoja chumba cha jirani. Nikamwambia ahamishe mafaili yake kwanza, nikachukua flashi.