Fundi aliyenionyesha ubovu kabla ya kunidai

Gari lilianza kuchemka nikiwa na watoto nyuma. Mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu, mvuke ukatoka chini ya boneti, nikazima injini papo hapo. Kuzima mapema ndiko kulikoniokoa, maana hedi ya alumini, yaani sehemu ya juu ya injini, ikizidiwa na joto hupinda, na hapo gharama haishikiki.

Fundi wa kwanza alichungulia tu, akasema injini nzima ibadilishwe. Nilikataa, gari likavutwa hadi gereji nyingine. Huyu wa pili alisubiri rejeta ipoe kabisa ndipo akafungua kifuniko. Akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe, akaniita: "Dada, tazama, oili haina povu jeupe. Maji hayajaingia." Kumbe ni pampu ya maji! Aliitoa, akaizungusha kwa kidole mbele yangu. Ikacheza na kukwaruza kana kwamba ina mchanga ndani.

Bili iliniuma sana, kwani alibadilisha na thamostati, yaani kidhibiti cha joto la injini, pamoja na mkanda. Lakini kila kipuri kibovu alinikabidhi mkononi. Kasoro yake ni muda: siku mbili zilizoahidiwa zikawa tano, na kila mara ni mimi niliyepiga simu. Hata hivyo, gari langu nitampelekea tena.