RAM ya all-in-one ya zamani: kabla hujatoa hela, tafuta herufi L

Mwisho wa mwezi ndipo stationari yangu inapokula. Watu wanataka kuchapa barua, wanafunzi wanajaza fomu, kuna mama anataka picha za pasipoti na bajaji yake inamsubiri nje. Mwisho wa mwezi uliopita wote hao niliwarudisha, kwa sababu mashine ilikuwa inalia tii, tii, tii, halafu kimya. Kioo cheusi kama sufuria ya mkaa.

Mashine yenyewe ni all-in-one, zile ambazo kioo ndiyo kompyuta, hakuna boksi chini ya meza. Niliinunua mtumba, prosesa (ubongo wa mashine) i3-4005U, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, 4GB. Ukifungua kurasa tano za intaneti na Word pembeni, inaanza kutambaa. Sloti ya pili ilikuwa wazi, nikaona niongeze 4GB nyingine. Kariakoo nikapokelewa na winga kabla sijaona hata duka, nikatoa 30,000, nikarudi na kipande cha RAM kwenye kimfuko cha nailoni. Muuzaji alinitoa wasiwasi: "DDR3 ni DDR3 dada, hiyo ya laptopu inaingia humo bila shida."

Kuingia iliingia. Kuwaka ndiyo haikuwaka.

Nilirudi kesho yake. Nikaambiwa motherboard yangu, ubao mkuu wa mashine, ndiyo mbovu na kuna nyingine dukani, nzuri, bei tutaongea. Nikaondoka kabla sijasema neno la kujutia. Usiku nikafunga duka, nikavilaza vipande viwili kaunta, kile cha zamani na hiki kipya, nikavimulika kwa tochi ya simu. Cha zamani: 4GB 1Rx8 PC3L-12800S. Kipya: 4GB 2Rx8 PC3-12800S. Nilisoma mara tatu ndipo nikaiona. Herufi L.

Miongozo mingi itakueleza megahezi, ukubwa, na faida ya kuweka vipande viwili vinavyofanana. Hayo yapo kila mahali, sirudii. Mimi nataka tukae hapa kwenye L, maana tangu nilipolalamika kwenye statasi yangu, nimeletewa visa saba vya aina hii, na katika saba hivyo, watano walikuwa wameshaambiwa wabadilishe motherboard.

DDR3, aina ya RAM ya mashine za umri huu, ile ya kawaida inatumia umeme wa volti 1.5. DDR3L, ile inayoandikwa PC3L kwenye stika, inatumia volti 1.35. Umbo ni lile lile, miguu 204, hata ule mkato wa katikati uko sehemu moja, kwa hiyo mkono wako hautakuonya. Na all-in-one nyingi hazitumii RAM ndefu ya kompyuta ya mezani, zinatumia ile fupi ya laptopu, na kila mtu sokoni ana ndoo yake ya RAM fupi zilizochanganywa.

Sasa angalia prosesa yako. Kama ni ya kizazi cha nne au cha tano (tarakimu ya kwanza baada ya i3- au i5-, kama ile 4 ya 4005U) na jina linaishia na U, kama yangu, au ni zile Celeron na Pentium ndogo za J1800, J2900 na ndugu zake, inataka L tu. Kizazi cha sita kinataka L au DDR4, inategemea ubao uliowekewa. Kizazi cha pili kilizoea ile ya 1.5, na cha tatu hupokea zote. Tena habari njema ni kwamba DDR3L imetengenezwa iweze kufanya kazi hata kwenye mashine ya volti 1.5. Kwa hiyo ukiwa na mashaka kati ya hizo mbili, chukua L.

Kibaya zaidi ni pale RAM isiyo na L inapowaka. Kuna mashine zinaikubali dakika kumi, saa moja, halafu kioo cha bluu na kazi ya mteja imepotea. Muuzaji ameijaribu dukani kwenye laptopu yake dakika mbili, akasema "si unaona inasoma?"

Haya, nizipange RAM zenyewe, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Namba moja ni Crucial, na sioni haya kusema napendelea. Inatoka kwa Micron, wanaotengeneza chipu zao wenyewe. Ya 8GB yenye L ina namba CT102464BF160B, ya 4GB ni CT51264BF160B. Andika kwenye karatasi, nenda nayo dukani, linganisha herufi kwa herufi, usikubali "ni hiyo hiyo". Ndiyo niliyoweka mwishowe, 8GB kwa 55,000, pamoja na 4GB ya zamani ikawa 12GB, na mashine imetulia kama maji ya mtungini. Kinachoniuma ni kwamba Desemba 2025 Micron walitangaza wanaachana na biashara ya Crucial kwa wanunuzi wa kawaida kama sisi. Chipu sasa zinakimbilia kwenye vituo vya data vya akili mnemba, kule kwenye hela. Kwa hiyo ukiikuta dukani kwa bei ya kueleweka, usizunguke mtaa mara mbili ukifikiria.

Namba mbili, na hapa wengine watanishangaa, ni mtumba wa Samsung au SK Hynix iliyotolewa kwenye laptopu. RAM haichakai kama betri. Iliyofanya kazi miaka saba kwenye laptopu ya ofisi huko Ulaya inaweza kukufaa kuliko mpya isiyo na kwao. Sharti usome namba, siyo maneno ya mtu. Samsung ya 1.35 namba yake inaishia na YK0. Ikiishia na CK0 ni ya 1.5, iache. Hynix tazama herufi kabla ya kistari: R8A-PB ni L, R8C-PB siyo. Kama stika imebanduka au unaona imebandikwa upya, sogeza macho kwenye chipu zenyewe, zile nyeusi. Samsung wameichapa YK0 au CK0 hata hapo, na hapo hapabandikwi stika. Mimi sasa natembea na kioo cha kukuzia maandishi kwenye pochi. Wananicheka, sawa.

Namba tatu Kingston. Ni nzuri, na wamerahisisha: KVR16LS11 ina L, KVR16S11 haina. Nimeiweka ya tatu kwa sababu jina lake kubwa linavutia waigaji, na sitaki kukaa kaunta ya mtu nusu saa nikikagua hologramu.

Zile za bei ya kutupa zisizo na jina, au zenye jina ambalo hujawahi kulisikia: kuna watu zimewafaa. Basi.

Wenye iMac, zile all-in-one za Apple, nisiwaache, maana wapiga picha na watu wa studio wanazipenda na wanauziwa kwa maneno matamu, "RAM unaongeza baadaye". Ya inchi 27 kuanzia mwishoni mwa 2012 hadi 2020 ina kimlango nyuma na sloti nne. Kitufe cha kukifungua kiko juu ya tundu la waya wa umeme, chomoa waya utakiona. Ya inchi 21.5 ni habari nyingine. Za mwishoni mwa 2015 RAM imechomelewa kwenye ubao, haiongezeki hata uende kwa fundi gani. Za 2012, 2013 na 2017 zina sloti, ila ziko nyuma ya kioo kilichogandishwa kwa gundi, na kioo kikipasuka utalia wewe, fundi atasema kilikuwa na ufa. Kwa hiyo kabla ya kununua iMac ndogo, nunua ikiwa tayari na RAM unayoitaka.

Sasa niseme la moyoni. Bei zimepanda tangu mwishoni mwa 2025, najua, dunia nzima inalia. Lakini mbona zimepanda hadi za RAM zilizokaa kwenye ndoo tangu kabla ya hapo? Uliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unaambiwa "ukitaka na risiti bei inabadilika". Ukishalipa, kwenye kile kikaratasi kidogo kimegongwa muhuri: mali ikishauzwa hairejeshwi. Waranti ni ya mdomo, na mdomo wenyewe ukirudi kesho haukukumbuki. Winga anaweka chake juu, duka linaweka chake, na mimi mwenye stationari nachapa kurasa ngapi za shilingi mia kufidia? Ninachofanya siku hizi ni kwenda na kipande changu cha zamani mkononi, kumpiga picha muuzaji akiwa ameshika RAM aliyoniuzia na namba yake ikionekana, na kukubaliana kwa ujumbe wa WhatsApp kwamba nitairudisha ndani ya siku tatu isipowaka. Asiyetaka picha hana RAM nzuri.

Kabla ya kufika huko, tazama ulichonacho. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha Memory. Utaona sloti ngapi zimejaa. Programu ya bure ya CPU-Z, kwenye ukurasa wa SPD, itakuonyesha hadi namba ya kipande bila kufungua skrubu hata moja. Na kama Windows yako ni ya biti 32, usisumbuke kwanza, hata ukiweka 8GB haitatumia zaidi ya 4GB.

Wala usivuke 12GB au 16GB kwa mashine ya umri huu. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha nne hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Hela ya ziada weka SSD, diski ya chipu yenye kasi, kama bado una diski inayozunguka.

Wakati wa kuweka, chomoa waya wa umeme, kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe. Kava la nyuma nilibandua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, taratibu, kuanzia pembeni. Kipande kinaingia kwa mshazari hadi dhahabu ifichike, halafu unakilaza mpaka masikio mawili ya sloti yalie tak. Usiku huo acha mashine ikikimbiza MemTest86, programu ya kupima RAM, hadi asubuhi. Ikitoa kosa hata moja, rudisha.

Kile kipande cha kwanza kisicho na L bado kiko kwenye droo ya kaunta, pamoja na kalamu zisizoandika. Mwenye laptopu ya kizazi cha pili, kitamfaa kabisa. Aje na 20,000, na risiti sina.