Niliwapelekea gari lenye taa moja, wakanirudishia lenye taa mbili na honi bubu

"Mwambie mumeo aje, tutaelewana naye." Hayo niliambiwa na fundi mkuu wa gereji moja hapa Tabora, mbele ya vijana wake na mbele ya mteja mwingine aliyekuwa amekalia tairi akisubiri pikapu yake. Gari ni langu. Kadi ina jina langu. Hela niliyokuwa nimeishika ni ya mshahara wangu. Jina la gereji silitaji, sitaki kesi.

Gari lenyewe nililinunua likiwa limeshatumika, mnyama wa Kijapani wa milango miwili, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Sifa zake nyingine mtazitafuta wenyewe. Najua kwa mji huu linachekesha, kwa mchanga huu na matuta haya, na nikisimama Isevya watoto wanauliza mlango wa nyuma umeenda wapi. Nalipenda hivyo hivyo.

Shida ilianza na shimo. Nikalipiga, usukani ukapinda kidogo: naenda moja kwa moja lakini nembo ya katikati inatazama kushoto. Nikalipeleka pale wafanye alaimenti, yaani kunyoosha tairi na usukani vikae sawa. Wakamaliza haraka, usukani ukawa umenyooka, nikalipa, nikawasifia, nikampigia na rafiki yangu kumwambia nimepata mafundi. Haukupita muda, nikiwa njia ya Sikonge, kwenye kona nyepesi ambayo hata mwenye baiskeli hapunguzi mwendo, gari likakamata breki lenyewe. Si breki zote, tairi moja tu ya mbele. Usukani ukavutwa, kitu kikanguruma chini ya miguu yangu, kisha taa ya njano ya kigari kinachoteleza ikawaka na haikuzimika tena. Nyuma yangu kulikuwa na lori la magogo. Mungu tu.

Nikarudi kwao. Fundi mkuu akachomeka kidude kidogo kinachoungana na simu, akakodoa macho, akasema, "Mashine haioni kosa lolote. Basi hiyo ni sensa ya usukani, imekufa."

Hebu rudieni kuisoma hiyo sentensi. Mashine haioni kosa, kwa hiyo sensa (kifaa kinachopima usukani umegeuzwa kiasi gani) imekufa. Vidude vile vya bei ya chini vingi huongea na kompyuta ya injini peke yake. Makosa ya breki na ya mfumo wa kuzuia gari kuteleza yanakaa kwenye kompyuta nyingine, na namba zake za makosa huanza na herufi C, si P kama za injini. Kidude chake hakikuwa kimefika hata mlangoni kwa mgonjwa.

"Kaka, umeipima hiyo sensa?"

"Dada, magari haya tumeanza kuyafungua wewe bado uko shule."

"Sawa. Lakini umeipima?"

Hapo ndipo akawageukia vijana wake, akacheka, na kuleta hayo ya mume wangu. Mwenye pikapu naye akacheka. Mimi nafanya kazi maabara. Mtu anakuja anatetemeka, meno yanagongana, na bado hatumpi dawa ya malaria kwa kumtazama usoni, anachomwa kidole kwanza. Nilitaka kumwambia hivyo lakini zamu yangu ilikuwa inaanza, nikaondoka nikisema wasiguse kitu mpaka nirudi.

Niliporudi, usukani ulikuwa umelala juu ya kiti. Sensa imeshachomolewa. Nyingine, iliyotumika, "imeshapandishwa basi kutoka Dar", shilingi 350,000, toa. Na betri, jamani, betri haijatolewa waya! Ndani ya usukani kuna eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, na eabegi ina baruti yake. Kila anayejua kazi anatoa waya wa betri na kusubiri dakika kadhaa umeme uliobaki uishe kabla ya kugusa chochote pale. Hawa walikuwa wanafungua huku redio inapiga muziki. Redio ya gari langu.

Sensa ikaja, ikafungwa. Taa ya kuteleza ipo pale pale. Ikaongezeka ya eabegi, nyekundu. Nikabonyeza honi: kimya. Mji huu una bodaboda kila kichochoro na mimi sina honi. Nikamtazama fundi mkuu. Akasema kwa utulivu kabisa, "Sasa hapo imebaki kompyuta ya ABS, ya breki." Na bili ya ufundi juu yake, 80,000.

Nikalipa ili nilitoe gari langu. Sikulipa kwa sababu nimeridhika.

Hapa lazima niseme jambo litakalowachanganya, kwa sababu limenichanganya na mimi. Nikiwa naingia kwenye gari, dogo mmoja wa pale, wale wanaojifunza kazi, alikuja na zulia langu la miguuni walilotaka kulisahau. Akainama kulitandika na kuniambia kwa sauti ya chini, "Dada, ile sensa yako ya kwanza mimi naona ilikuwa nzima. Mpelekee mzee wa umeme, mwambie aangalie meno ya usukani." Akanielekeza kwa mzee huyo, akaenda zake. Kijana yule ni wa gereji ile ile. Nikiwapa nyota moja namwonea. Kwa ajili yake, basi, mbili.

Mzee anafanyia kazi chini ya mwembe, pembeni ya nyumba yake. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu", na swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Taa iliwaka lini, na kabla haijawaka gari lilifanyiwa nini?" Nilikuwa sijaulizwa swali hilo hata mara moja. Nikamwambia alaimenti. Akasema "ahaa", akavuta kigoda.

Hakushika spana. Alizungusha usukani mpaka mwisho kushoto, akahesabu, kisha mpaka mwisho kulia, akahesabu. Upande mmoja unazunguka zaidi ya mwingine. Akatoa waya wa betri na kuchomeka multimita, kipima umeme chake, kwenye soketi ya kupimia, tundu la 6 na la 14, ikasoma omu 60 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Akanieleza bila kunidharau: mtandao wa kompyuta za gari una vipingamizi viwili, kimoja kila mwisho, kila kimoja omu 120, vikiwa vizima vyote viwili vinasomeka 60 kwa pamoja. Ungeona 120, ungejua kuna waya umekatika au kimoja hakipo. Kwa hiyo nyaya za mtandao ni nzima, hiyo kompyuta ya ABS iachwe kwanza. Kipimo cha dakika mbili kikaniokoa na kununua kompyuta!

Ndipo akarudisha betri na kuleta mashine yake kubwa. Tairi zimenyooka, usukani umenyooka kwa macho, lakini kwenye kioo sensa inasema digrii 14 kushoto. "Sensa haisemi uongo," akasema. "Mhimili, hiki chuma kinachobeba usukani, kweli umekaa upande. Waliouficha ni watu."

Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo damu ilinipanda. Walipofanya alaimenti walirekebisha tairodi, vile vyuma vinavyogeuza tairi za mbele, za kulia na kushoto bila kwanza kuuweka usukani katikati. Tairi zikanyooka, usukani ukabaki umepinda. Badala ya kurudia kazi, mtu akafungua nati, akauchomoa usukani, akausogeza meno machache kwenye mhimili, akaurudisha ukiwa unapendeza. Mteja anaona umenyooka, analipa, anasifia. Sensa haikai kwenye duara ninaloshika mimi, inasoma mhimili ulio chini yake. Kompyuta inalinganisha dereva anataka kwenda wapi, kwa kusoma sensa hiyo, na gari linaelekea wapi hasa, kwa kusoma mwendo wa kila tairi na sensa nyingine inayohisi gari linavyogeuka. Ikaambiwa gari linakata kona kuliko dereva anavyotaka, ikaamini tunateleza, ikashika breki tairi moja ili kuniokoa. Kuniokoa na nini? Na alaimenti yao!

Kwa hiyo kosa walilitengeneza wao, wakalipwa. Wakalitafuta wasilione, wakalipwa. Wakaongeza jingine, wakalipwa. Maana honi na taa ya eabegi navyo ni vyao: ule utepe wa nyaya ulioviringwa nyuma ya usukani waliuacha ukazunguka ovyo usukani ukiwa nje, waliporudisha usukani na kuuzungusha, ukakatika.

Nilisema mbili? Narudisha moja.

Mzee aliagiza utepe mpya, 180,000, ndio uliochelewesha. Mengine aliyafanya mbele yangu. Usukani aliurudisha kwenye alama yake ya kiwandani, akausimamisha katikati kwa kipande cha mti alichokikaza kwenye kiti, halafu akavuta nyuzi za mwashi pande zote mbili za gari na kupima kwa rula mpaka tairodi zikakaa sawa. Nyuzi! Wale wana mashine yenye taa na skrini. Mwisho akaliweka gari kwenye sakafu yake ya saruji iliyo tambarare na kuiamuru kompyuta kwa mashine kwamba hapa ndipo sifuri. Kuna magari ambayo unazungusha usukani mwisho hadi mwisho, unazima na kuwasha, yanajifunza yenyewe. Langu halitaki, linataka mashine. Taa zote zikazimika. Nikapiga honi mpaka kuku wakatawanyika, mke wa mzee akatoka jikoni kutazama kuna nini. Hela ya ufundi, 60,000. Niliongeza, akakataa, nikamwachia mke wake.

Kona ile ya njia ya Sikonge nimeipita tena, na gari limetulia.

Sasa wenzangu wananiuliza kama wasiende kabisa gereji ile. Hapo siwezi kudanganya. Kabla ya haya yote fundi mkuu huyo huyo alinibadilishia bushi na boljointi za mbele, na hadi leo hazijatoa mlio, na bei yake ilikuwa ya haki. Kwa kazi ya nyundo na jeki ana mkono mzuri, sijui kama mjini hapa yupo anayemzidi. Kwa hiyo nendeni kwa bushi. Kitu chochote chenye waya, msimpe. Na kama wewe ni mwanamke, hata bushi ifikirie mara mbili, kwa sababu utasikia utakayoyasikia. Ah, hapana, msiende.

Na sensa yangu ya kwanza, ile nzima, bado wanayo. Nilipopiga simu niliambiwa ilishatupwa. Nilipopiga tena akapokea mwingine, akasema ipo, niifuate, ila kuna shilingi 10,000 ya utunzaji. Kesho nikitoka zamu napita. Risiti ya sensa waliyoniuzia ninayo mkononi, na hiyo ya utunzaji nataka nione wataiandikaje.