Breki za mbele kwa gari la Kigoma: nini cha kununua kwanza, nini cha kuacha dukani

Ukiingia duka la spea Mwanga au Ujiji ukasema unataka breki za mbele, muuzaji anakuwekea pedi mezani, mnapatana bei, unaondoka. Huko ndiko hela nyingi zinakopotelea. Pedi ni sehemu tu ya breki ya diski, na kwa magari tunayoendesha huku, Probox, IST na Noah zilizokwisha kutembea miaka mingi Japani kabla hazijafika kwetu, mara nyingi pedi haina kosa. Kilichochoka ni mpira ulio ndani ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, na mafuta ya breki yaliyomo kwenye mfumo. Kwa hiyo orodha yangu haianzi na pedi.

Namba moja ni sili na buti za kalipa, pamoja na kopo la mafuta ya breki. Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo penye faida kubwa kwa hela ndogo.

Mwambie fundi afungue kalipa mbele yako. Ndani ya silinda kuna mfereji, na ndani ya mfereji imekaa sili ya mpira yenye umbo la pembe nne. Ukikanyaga breki, pistoni inasogea mbele na sili inajipinda nayo. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kidogo sana, sehemu ya milimita tu. Urudishaji wote wa breki ya diski ni huo; hakuna springi ya kuvuta pistoni. Sili ikikakamaa, pistoni inabaki imeganda, pedi inasugua diski muda wote, rimu inachemka, petroli inaliwa na gari linavuta upande mmoja. Ukifunga pedi mpya hapo, nayo itaisha upesi kama ile uliyotoa.

Buti ni ule mpira wa nje unaozuia vumbi. Kwa barabara zetu za udongo mwekundu, buti iliyopasuka ni mwaliko kwa mchanga na kutu. Nunua kiti nzima, yaani seti ya sili na buti, pande zote mbili. Kalipa isioshwe kwa petroli wala dizeli, na sili isipakwe grisi ya kawaida, kwa sababu mpira wa breki ukigusa mafuta ya petroli unavimba. Inaoshwa kwa mafuta ya breki yenyewe au spiriti, na sili inapakwa mafuta ya breki safi kabla ya kuingia.

Mafuta nayo yana habari yake. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka kwa joto dogo. DOT ni daraja la mafuta ya breki linaloandikwa kwenye kopo. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishachoka. Sasa fikiria Noah imejaa abiria na mizigo inateremka kutoka milima ya Manyovu, dereva ameshikilia breki kila kona. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedeli inazama hadi chini na gari halisimami. Chukua DOT 4, kopo lililofungwa na lakiri yake, usikubali yaliyomiminwa kwenye chupa ya maji. Badilisha yote kila miaka miwili. DOT 5 iache. Ni ya silikoni na haichanganywi na hizi, hata kama namba yake ni kubwa.

Namba mbili ndiyo pedi, na hapa nachagua zile za watengenezaji wanaojulikana kwa kazi hii: Akebono, Advics, Nisshinbo. Akebono na Advics huwauzia hata Toyota wenyewe. Pedi za mbele za Toyota orijino huanza na namba 04465, na zikiwa za kweli ni nzuri sana, ila boksi lenye jina kubwa ndilo linalowavutia wanaoiga, kwa hiyo siwezi kuziweka juu ya hizo nyingine kwa mtu anayenunua kwa macho tu.

Itoe pedi kwenye boksi uisome. Ubavuni, au mgongoni kwenye bati, tafuta herufi mbili zinazofuatana, mfano FF au GG. Ya kwanza inaeleza mshiko pedi ikiwa haijapata moto, ya pili inaeleza ikishapata moto. E ni mshiko wa kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G inapanda hadi 0.55. Pedi ya FE inakwambia wazi kuwa ikichemka inalegea. Kwa mtu wa mchomoko, gari dogo la abiria, wa Kasulu au Manyovu hiyo haifai. Chapa zenyewe zinaweza kuigwa, ndiyo, kwa hiyo angalia pia kama lining, ile sehemu inayosugua diski, imeshikana na bati bila ufa, na kama pedi zote nne zina unene sawa.

Namba tatu ni kalipa ya mtumba. Ina maana pale tu pistoni yako imeliwa na kutu hadi kucha inakwama ukiipitisha. Kabla hujalipa, hakikisha nipeli, skrubu ndogo ya kutolea upepo, inafunguka, na pini za kuteleza zinatembea kwa mkono. Hata ikionekana safi, ifungwe sili mpya.

Diski usiibadilishe kwa mazoea. Pembeni yake au katikati imeandikwa MIN TH, yaani unene wa chini kabisa, na namba ya milimita. Ikipimwa ikawa juu ya hapo na haina ufa wala mawimbi, inaendelea na kazi. Ikiwa chini, nunua mbili, usichonge.

Pedi za bei ya chini zisizo na jina naziweka namba nne, kwa gari la kwenda sokoni na kanisani tu. Pedi za kubandikwa lining upya na pedi za mtumba hazina namba kwangu. Lining ikibanduka mteremkoni, chuma kinakutana na chuma.

Wanaofufua magari ya zamani watakuta kanuni ni ileile. Datsun 240Z, iliyoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 na 1973, ina diski mbele na ngoma nyuma, na kalipa yake ina pistoni pande mbili badala ya moja, lakini kazi ya sili haijabadilika. Huko wekeza kwenye kiti ya sili na pistoni mpya, maana gari lililolala miaka mingi limeoza breki kwa ndani kuliko linavyoonekana.

Kisichopatikana Kigoma kitatoka Kariakoo kwa basi, na kurudisha mzigo usiofaa ni safari nyingine ndefu. Mtumie muuzaji namba ya chesisi na picha ya pedi ya zamani ikiwa pembeni ya rula. Naye akutumie picha ya namba iliyo kwenye pedi yenyewe, si ya kwenye boksi, na tarehe iliyo kwenye kopo la mafuta, kabla hujatuma hela.