TAHADHARI: Boti za mifereji Uingereza zinauzwa kwa jina la fundi ambaye hakuzijenga

Ndugu zangu mnaotafuta boti nyembamba ya kuishi kwenye mifereji ya Uingereza, msitume arubuni kwa mtu yeyote kabla hamjasoma hapa. Wapo wauzaji, na baadhi yao ni madalali wa siku nyingi, wanaochukua boti ya kawaida na kuitangaza kuwa bodi yake ya chuma imetoka kwenye karakana yenye sifa. Jina hilo peke yake linapandisha bei kwa maelfu ya pauni. Mnunuzi anakuja kujua ukweli boti ikiwa juu ya chelezo, nje ya maji, na pesa zimeshatoka.

Utapeli huu unapita kirahisi kwa sababu boti nyingi zina mafundi wawili. Karakana moja inachomelea chuma, halafu bodi tupu inauzwa kwa kampuni nyingine, au kwa mtu binafsi, anayeweka mbao, umeme, mabomba na pengine injini. Kibandiko cha CE (alama ya kutimiza kanuni za Ulaya) mara nyingi kina jina la huyo wa pili. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kibandiko, bado hajakuambia nani alichomelea chuma. Mwombe tamko la boti isiyokamilika, lile ambalo karakana ya chuma hulitoa bodi inapoondoka kwao, pamoja na ankara ya bodi yenyewe. Kibao cha shaba chenye jina la karakana hakithibitishi kitu: yeyote anaweza kukiagiza na kukifunga kwa skrubu nne.

Namba ya bodi ina uzito zaidi. Kanuni za Ulaya zilizoanza kubana rasmi tarehe 16 Juni 1998 zilitaka boti mpya inayoingia sokoni iwe na namba ya herufi na tarakimu 14: mbili za nchi (GB), tatu za mtengenezaji, tano za mfululizo, kisha nne za tarehe. Zile nne za mwisho zisome hivi: C404 maana yake ni Machi (C ni mwezi wa tatu), mwaka unaoishia na 4, toleo la 2004. Kama tangazo linasema boti ni ya 2001, hapo pana swali. Namba hukaa upande wa kulia wa tezi (nyuma ya boti), na nakala yake ya pili hufichwa mahali ndani ya boti. Omba picha za zote mbili, halafu ukifika pitisha kidole. Iliyogongwa au kuchomelewa kwenye chuma chenyewe unaihisi hata chini ya tabaka za rangi. Iliyo kwenye kibati cha kubandika, angalia pembeni kama kuna matundu ya zamani au alama ya kibati kikubwa kilichotolewa. Zile herufi tatu za mtengenezaji hutolewa na British Marine, chama cha wafanyabiashara wa boti Uingereza, kwa hiyo waulize ni za nani. Hata hapa jibu linaweza kuwa kampuni iliyomalizia kazi badala ya karakana ya chuma. Na boti ya 1989 haina sababu ya kuwa na namba hii. Ukiiona, uliza imetoka wapi.

Sasa chuma chenyewe, maana hapa ndipo uongo unapokwama. Matangazo hupenda kuandika 10/6/4: milimita 10 bamba la chini, 6 ubavuni, 4 kabini. Mkaguzi anapopima kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, wewe usitazame namba ndogo peke yake. Tazama kubwa kuliko zote. Kutu haili bamba kwa usawa, lazima kuna sehemu zilizosalimika. Kama bamba la chini lote halina hata pointi moja inayozidi 6.2, halikuwahi kuwa la milimita 10. Vipimo vya 6.3 au 4.7 kwenye sehemu safi vinaashiria bamba za inchi za zamani, robo inchi na tatu za kumi na sita, na hilo linapingana na boti inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1990.

Vipimo vikiruka ghafla, tuseme 4.4 omo (mbele) na tezi lakini 5.9 katikati, tafuta mishono miwili ya wima inayolingana kulia na kushoto. Hiyo ni boti iliyokatwa na kurefushwa. Kurefusha si kosa. Kosa ni kuficha, kwa sababu kipande cha katikati karakana inayotajwa huenda haikukigusa.

Baya kuliko yote ni kiraka cha bamba zima. Bamba jipya la milimita 6 likichomelewa juu ya lililooza, kipimo kinasoma lile la nje tu, na ripoti inatoka nzuri kabisa. Chuma cha milimita 6 kina uzito wa kilo 47 kwa mita ya mraba. Boti ya futi 57 ikivikwa bamba kama hilo chini nzima inaongezeka karibu tani 1.7, na farumi (uzito unaowekwa chini kuituliza boti) isipopunguzwa inazama karibu sentimita 5 zaidi. Ndipo tundu la kutolea maji ya sitaha ya omo linapokaribia uso wa maji. Ukiliona chini hivyo, uliza, kisha piga tochi ndani ya ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti.

Umbo nalo linasema. Boti za karakana ya Springer ya Market Harborough, kwa mfano, nyingi zina chini ya umbo la V. Ukiuziwa yenye chini bapa, dai ushahidi zaidi. Boti za mizigo za miaka ya 1930, zilizojengwa Woolwich na Harland & Wolff au Northwich na Yarwood kwa ajili ya Grand Union Canal Carrying Company, zilifungwa kwa ribiti (pini za chuma zinazopondwa vichwa), si kwa kuchomelea. Waigaji huchomelea vichwa vya bolti kwa nje. Ribiti halisi utaiona pia kwa ndani, ingawa boti ya kweli inaweza kuwa imebadilishwa bamba nyingi kwa kuchomelea. Boti hizo zilikuwa na majedwali ya upimaji wa mizigo, na kumbukumbu za aina hiyo zinatunzwa kwenye hifadhi ya nyaraka za mifereji huko Ellesmere Port.

Karatasi zinazotumika kuwatuliza wanunuzi ni hizi: leseni ya Canal & River Trust (shirika linalosimamia mifereji mingi), ambayo si uthibitisho wa umiliki wala wa mjenzi; cheti cha usalama cha miaka minne, ambacho hakipimi unene wa bodi; na ripoti ya ukaguzi aliyolipia muuzaji. Isome kwa makini ile ya mwisho. Mara nyingi jina la mjenzi limefuatwa na maneno “kwa maelezo ya muuzaji”, yaani mkaguzi kanakili tu. Lipa mkaguzi wako, boti ikiwa nje ya maji. Ukizuiwa, ondoka, huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Arubuni ya kawaida ni karibu asilimia 10, na iandikwe kuwa inarudishwa ukaguzi ukishindwa. Kwenye mkataba jina la mjenzi wa bodi liwe sharti, bila “inaaminika”. Muuzaji akikataa, toa bei ya boti isiyojulikana mjenzi. Karakana ikiwa bado ipo, wapigie na uwatajie namba, urefu na mwaka. Nyingi zina daftari la kazi zao.

Kwa aliyekwisha kulipa: hifadhi picha ya tangazo kabla halijafutwa, pamoja na jumbe zote. Ukiwa umenunua kwa mfanyabiashara, unalindwa na sheria ya haki za walaji ya 2015. Kwa mtu binafsi utategemea sheria ya 1967 ya maelezo ya uongo, na hapo tangazo lililoandika jina la mjenzi ndilo ushahidi wako mkubwa.