Misheni ya Bagamoyo kama mahali pa mafungo ya vijana: inafaa, ukiipanga

Mafungo ya vijana yenye mada ya "mimi ni nani machoni pa Mungu" kwa kawaida hufanyika ukumbini: spika mbili, Zaburi 139, na mhubiri anayepaza sauti kuwaambia waliokaa nyuma kwamba wao ni wa thamani. Siku moja katika Misheni ya Kikatoliki Bagamoyo, kama kilomita 65 kutoka Dar es Salaam, inafundisha mada hiyohiyo vizuri zaidi, kwa sababu katika mji huu binadamu aliwahi kuwa na bei. Kijana anayejipima kwa mshahara, kwa umbo au kwa wanaompenda mtandaoni husimama mbele ya minyororo ya watumwa katika makumbusho na kuona kipimo cha soko hufikia wapi.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walihamia hapa kutoka Unguja mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Maana yake, katika miaka ya mwanzo misheni ilikuwa ikitoa fedha kukomboa watu huku mnada ukiendelea ng'ambo ya maji. Ukilijua hilo, 1 Petro 1:18 ("mlikombolewa si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu") haisomeki tena kama mapambo ya kalenda.

Anzeni kwenye msalaba wa ufukweni, dakika 20, kabla jua halijawa kali. Someni Isaya 43:4 tu, ambapo Mungu anawaambia watu wake kuwa ni wa thamani machoni pake. Kisha pandeni kwa miguu hadi makumbusho, ambayo yako katika nyumba ya zamani ya masista, mkae humo kama dakika 50. Baada ya hapo mnara wa kanisa la kwanza na makaburi ya wamisionari, nusu saa inatosha. Mwisho tafuteni kivuli mkae saa nzima kwa mjadala. Mpangilio huu una sababu yake: kikundi kinachoacha ufukwe uwe wa mwisho humalizia siku majini na kwenye picha, na mjadala haufanyiki.

Kikundi kisizidi watu 25. Wakijaa Coaster nzima, nusu yao hawatamsikia mwongozaji ndani ya vyumba. Wagaweni makundi mawili: baada ya ufukwe, moja lianze makumbusho, jingine mnarani. Epukeni Jumapili asubuhi kwa kuwa hii ni parokia hai yenye Misa, na kwa sababu hiyohiyo vaeni nguo za heshima.

Mnarani, jihadharini na jambo moja. Mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Scotland, ulifikishwa hapa Februari 1874, na ziara nyingi hung'ang'ania jina hilo. Kwa mada hii, mwombeni mwongozaji aeleze zaidi juu ya waliomleta. Chuma, aliyeokolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa akiwa kijana, na Susi waliongoza msafara ulioubeba mwili huo kwa miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Maiti ilizikwa London, Westminster Abbey, Aprili 1874. Wao wawili hawakuwapo kwenye mazishi. Waulizeni vijana: nani aliwahesabu hawa?

Hapo ndipo Luka 12:6 hufaa, na ni hesabu ambayo wahubiri wengi huiruka. Katika Mathayo 10:29 shomoro wawili ni senti moja. Katika Luka, watano ni senti mbili. Kwa bei ya kwanza senti mbili zingeleta wanne; wa tano ni wa nyongeza, muuzaji hamtozi chochote. Naye "hasahauliwi" mbele za Mungu. Kwa kijana anayejiona ni wa ziada nyumbani kwao, mstari huu unafanya kazi kuliko saa mbili za "jikubali ulivyo".

Maana kosa kubwa la mafungo ya aina hii ni kuyageuza semina ya kujiamini. Thamani inayohubiriwa na Ukristo ni ya kupewa: mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwanzo 1:27) na amenunuliwa kwa damu ya Kristo. Hakuifanyia kazi, kwa hiyo kufeli mtihani hakuipunguzi, na cheo hakiiongezi. Msiiache Warumi 12:3, inayomwonya mtu asijione kupita kiasi, la sivyo mtarudi na kundi la wenye majivuno.

Wala msiifiche sehemu ngumu. Maisha ya kijiji kile yalikuwa na ratiba kali ya sala na kazi za shamba chini ya usimamizi wa mapadre, na wapo waliotoroka. Mtu alikombolewa, lakini je, alitendewa kama "ndugu mpendwa" wa Filemoni 16? Swali hili huamsha mjadala kuliko yote, hasa kwa vijana wenye dada wa kazi nyumbani.

Kwa watoto chini ya miaka 12 hatupendekezi. Minyororo huwatisha na hesabu ya shomoro huwapita. Kwa VIWAWA (vijana Wakatoliki), UKWATA (wanafunzi Wakristo) au kwaya, nyota nne kati ya tano. Beba maji lita moja na nusu kwa kila mtu na Biblia za karatasi, kwa kuwa simu ikishatoka mfukoni kwa ajili ya kusoma mstari, hairudi.