Air Optix Night & Day: nzuri sana ila mi silali nazo

Jamani hizi lenzi za kuvaa kwenye jicho nazipa tano kwa tano, nafanya zamu ya usiku wodini, AC inapuliza mpaka asubuhi lakini jicho halikauki, ni za silikoni haidrojeli, aina ya plastiki laini, so zinapitisha oksijeni nyingi kuliko zile laini za zamani. Marekani zimeruhusiwa mpaka siku 30 mfululizo bila kuvua, hata ukilala, na hapo ndo watu wanajisahau.

Mi navua. Mwaka juzi nililala na lenzi za aina nyingine siku moja tu, uchovu wa kazi, nikaamka jicho jekundu mwanga unachoma kama pilipili, daktari akakuta kidonda kwenye konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, nikaweka matone kila saa hata usiku wa manane, niliogopa sana aisee. CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, wanasema kulala nazo kunaongeza hatari ya maambukizi mara 6 mpaka 8.

Na msizioshe kwa maji ya bomba pliz. Jicho likianza kuuma, toa lenzi hapohapo ila usiitupe, nenda nayo hospitali na kile kikopo chake waipime.